Baridi imepita bila baridi: je, matufaha ya Michigan yatapona?

Swali

Jambo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, natoka Uvira, Kongo, na huu ni mwaka wa saba niko Grand Rapids, Michigan. Baridi ya mwaka huu imetushangaza. Theluji ilikuja kwa nguvu katikati ya Januari, ikaondoka, basi. Mwisho wa Februari watoto walicheza nje bila koti. Bwana wangu anapogoa miti ya matufaha, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha mpaka mavuno ya Septemba. Wenzake wanasema mwaka kama huu matunda hufa. Mimi nina kipande cha bustani, udongo umeshalegea, nataka kujua kama naweza kupanda lengalenga (mchicha) sasa. Na kiangazi kitakuwaje? Ule moshi wa mwaka jana utarudi? Nina hofu, mwalimu.

Jibu

Mama, nianze na lengalenga kwa sababu jibu lake ni fupi: usipande. Leo ni katikati ya Machi 2024, na joto hili linakudanganya wewe kama linavyoidanganya miti. Mbegu zako ziache kwenye kopo. Nitalirudia hilo baadaye.

La bwana wako ni zito zaidi. Mimi nimezaliwa Makete, Tanzania, chini ya uwanda wa Kitulo, na nimeona mwezi wa Julai shamba la viazi lililolala kijani likiamka jeusi. Sisi tunaijua sakitu, ule umande unaoganda juu ya majani alfajiri. Kwa hiyo ukiniandikia kuhusu miti inayoamka mapema nakuelewa vizuri, na wenzake bwana wako hawazushi. Wanakumbuka mwaka 2012, sakitu ilipoyaua matunda ya Michigan. Ila wanaposema mwaka kama huu matunda *hufa*, hapo wamepitiliza, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kwanza, macho yenu hayakuwadanganya. NOAA, idara ya serikali ya Marekani inayopima hewa na bahari, imetoa hesabu za Desemba hadi Februari. Majimbo 48 ya bara (bila Alaska na Hawaii) yalikuwa na wastani wa nyuzi 3.1 za selsiasi, karibu nyuzi 3 nzima juu ya wastani wa karne ya 20. Tangu hesabu hizo zianze mwaka 1895 hayajapata kuwako majira ya baridi yenye joto kiasi hicho, na Michigan ni mojawapo ya majimbo manane yaliyovunja rekodi zao wenyewe. Katikati ya Februari, wakati barafu huwa imefunika karibu asilimia 40 ya Maziwa Makuu, safari hii ilifunika chini ya asilimia 3. Ng'ambo yenu kule Wisconsin, tarehe 8 Februari walipigwa na tornado, ule upepo mkali unaozunguka kama faneli, kitu ambacho hakijawahi kuandikwa katika jimbo hilo kwa mwezi huo. Na siku ile ya tarehe 27, watoto wako walipotupa makoti, Grand Rapids ilipita nyuzi 20, kisha kesho yake ikarudi kwenye kuganda.

Sababu ni mbili, zimelaliana. Wewe ni mtu wa Uvira, kwa hiyo nitakueleza kwa Ziwa Tanganyika. Upepo ukivuma, wimbi hupanda ufukweni, halafu hurudi. El Niño ni wimbi la namna hiyo: maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yanapata joto kupita kawaida kwa miezi kadhaa, yanasogeza njia za pepo za juu, na ile hewa baridi ya ncha ya kaskazini inabaki imefungiwa Kanada badala ya kushuka kwenu. El Niño hii imekuwa ya nguvu. Ndiyo hiyo hiyo, ikisaidiana na joto la Bahari ya Hindi upande wa Afrika, iliyotia chumvi mvua za mwisho wa 2023 huko nyumbani, wakati mafuriko yalipoikumba Kenya na Somalia, na Desemba tope la Mlima Hanang, Tanzania, likafunika sehemu ya mji wa Katesh. Wimbi hili limeanza kurudi, litakwisha.

Lakini wewe unajua tena jambo jingine. Ziwa lenyewe likiwa limepanda, wimbi la kawaida ambalo zamani liliishia mchangani sasa linaingia sebuleni. Joto la dunia ni kupanda huko kwa ziwa. Katika eneo la Maziwa Makuu, majira ya baridi ndiyo yanayopata joto kwa kasi kuliko majira mengine yote. Zimekuwepo El Niño zenye nguvu mwaka 1982 na 1997 na hazikutoa baridi dhaifu kama hii. Kwa hiyo ukiniuliza kama mwaka ujao utakuwa hivi tena, nakwambia huenda usiwe, theluji inaweza kurudi mkaisahau hii. Ukiniuliza kama watoto wako wataiona tena baridi ya aina hii kabla hawajawa watu wazima, nakwambia naam, na si mara moja.

Sasa miti.

Mtufaha hauamki kwa sababu kumekuwa na joto siku mbili. Vuli ikiisha unalala, na ndani ya usingizi huo unahesabu saa za baridi, hasa zile za kati ya nyuzi 0 na 7. Aina nyingi zinazolimwa Michigan zinahitaji takriban saa 800 hadi 1,200. Hesabu ikitimia, usingizi wenyewe unakuwa umekwisha, na kinachoufanya mti uendelee kutulia ni ubaridi wa nje tu. Kuanzia hapo unaanza hesabu ya pili, ya joto. Kila siku yenye joto inausogeza mbele, na hesabu hiyo hairudi nyuma. Sehemu nyingine za dunia huteseka na hesabu ya kwanza. Kule Batu, Indonesia, hakuna baridi ya kutosha, na wakulima hupukutisha majani kwa mikono yao ili kuushtua mti uchanue. Michigan haina shida hiyo. Hata katika baridi dhaifu kama hii, saa za baridi zimetimia zamani. Shida ya Michigan ni hesabu ya pili kukimbia.

Na kadiri tumba linavyofunguka ndivyo linavyopoteza ngao yake. Wataalamu wa matunda wana jedwali ambalo kila nyapara wa shamba lenu analijua kwa moyo. Ncha ya kijani inapoanza kuchungulia, tumba linastahimili mpaka karibu nyuzi 8 chini ya sifuri kabla ya moja katika kila kumi kufa. Ua likishafunguka kabisa, nyuzi 2 tu chini ya sifuri zinaua moja katika kumi, na zikishuka karibu nyuzi 4 chini ya sifuri (25 za farenhaiti) zinaua tisa katika kumi. Tofauti ya nyuzi mbili kati ya hasara ndogo na msiba. Bwana wako akisimama shambani alfajiri ya Mei akaona nyapara ameshika kipimajoto mkono unatetemeka, ndiyo sababu.

Haya, 2012. Baridi ya mwaka ule ilikuwa dhaifu pia, lakini kilichoumiza ni Machi. Katikati ya mwezi ule joto liliingia katika majimbo ya kati kana kwamba ni Julai. Grand Rapids ilifika karibu nyuzi 30. Miti ilichukua zaidi ya wiki moja ya namna hiyo ikajumlisha hesabu yake, ikaamka karibu mwezi mzima kabla ya wakati. Watu walipiga picha maua. Kisha Aprili ikawa Aprili ya kawaida, nasisitiza neno kawaida, yenye usiku wa kuganda kama ilivyo miaka yote, na sakitu ya mwishoni mwa mwezi ikayakuta maua wazi. Jimbo ambalo mwaka mzuri huvuna ratili bilioni moja za matufaha lilipoteza karibu asilimia 90. Cheri chachu, ambazo Michigan hutoa zaidi ya nusu ya zote za Marekani, zilikwenda hivyo hivyo. Wenye mashamba walikuwa na bima, angalau baadhi yao. Wachumaji hawakuwa na bima ya matunda ambayo hayakuota. Wengi walifika wakakuta miti mitupu, wakaendelea na safari kutafuta jimbo jingine.

Hilo ndilo wenzake bwana wako wanalolibeba moyoni, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini uweke kando yake mwaka mwingine. Majira ya baridi ya 2015 kuingia 2016, nayo ya El Niño kubwa, ndiyo yaliyokuwa yanashikilia rekodi ya joto kwa majimbo 48 mpaka haya ya mwaka huu yalipoyapiku. Yalikuwa na joto kuliko yale ya 2012. Na msimu wa 2016 Michigan ilivuna matufaha kwa wingi. Tofauti? Majira ya kuchipua ya 2016 yalikwenda polepole, baridi ikakaa kaa, miti haikupata ile wiki ya Julai ndani ya Machi.

Kwa hiyo, Mama, kilichokwisha kupita hakijaamua kitu bado. Februari yenye joto ni mlango kuachwa wazi. Kama mwizi ataingia, tutajua kati ya sasa na katikati ya Mei, na mimi ningeangalia wiki mbili zijazo kuliko nilivyoziangalia wiki kumi na mbili zilizopita. Kila siku ya ubaridi, ya mawingu na mvua za rasharasha, ile inayowafanya watu wa Michigan wanung'unike, iombee iendelee. Inamlinda bwana wako.

Kuna jambo moja linalonisumbua kuhusu ziwa. Matunda yanastawi upande huo wa magharibi wa Michigan kwa sababu ya Ziwa Michigan. Maji yake hubaki baridi sana mpaka Mei, na upepo unaotoka huko huchelewesha miti kuchanua hadi hatari ya sakitu ipungue. Ziwa ni kama mama anayewazuia watoto wasitoke nje mapema. Mwaka huu halikuganda, na maji yasiyofunikwa na barafu huanza kunywa jua mapema zaidi. Bado yatakuwa baridi kuliko hewa, hilo halina shaka, ila ule mkono unaowazuia watoto umelegea kidogo. Kwa upande mwingine, shamba analofanyia kazi, kama liko kwenye vile vilima vya kaskazini-magharibi ya mji kuelekea Sparta, limekaa mahali pazuri. Hewa baridi ni nzito, hutelemka kama maji ikatuama mabondeni. Miti ya juu huwa hai wakati ya bondeni imeungua. Na baada ya 2012 wenye mashamba wengi walinunua zile feni kubwa za juu ya nguzo, zinazovuta hewa ya vuguvugu iliyo juu na kuisukuma chini kwenye maua. Usiku ule wa hatari feni zinaweza kuokoa nyuzi moja au mbili, na umeshaona kwenye jedwali nyuzi mbili zina thamani gani.

Ushauri wangu kwa bwana wako ni wa tarehe. Asiache kazi sasa, asikimbilie kwingine kwa maneno ya kambini. Amuulize nyapara wake kila wiki matumba yamefika hatua gani, na je, yametangulia siku ngapi kuliko kawaida. Siku kumi bado si balaa. Wiki tatu au nne, hapo aanze kuuliza taratibu kazi za viwandani au za mabanda ya kuku, bila kufunga mlango wa shamba. Maua yakishapukutika, vitunda vya ukubwa wa njegere vitaonekana, na kufikia wiki ya kwanza ya Juni mtu mwenye uzoefu akitembea kati ya mistari anaweza kukwambia kama Septemba kuna kazi au hakuna. Mwambie achukue tunda moja moja alipasue kwa kisu siku mbili baada ya usiku wa kuganda. Ua au tunda ambalo kitovu chake ni cheusi limekufa, hata kama kwa nje linapendeza. Kijani ndani, lipo hai. Na mti hauhitaji maua yake yote. Mtufaha ukibakiza moja katika maua kumi unaweza kutoa mavuno kamili, maana kwa kawaida wakulima wenyewe huyapunguza. Hili watu wanaoogopa hulisahau.

Nirudi kwenye bustani yako. Udongo kulegea si sawa na udongo kupata joto. Lengalenga linataka udongo wa nyuzi 18 na zaidi ndipo lichipue vizuri, na usiku mmoja wa sakitu unalimaliza. Kwenu sakitu ya mwisho huja kwa kawaida mapema au katikati ya Mei, na haijali Februari ilikuwaje. Wenyeji wanangoja Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei, na mimi mwaka huu ningewafuata bila kubishana. Kama hamu imekushinda, otesha kwenye trei ndani, dirishani penye jua, kuanzia katikati ya Aprili, upate miche ya kuhamishia nje. Matembele yangoje Juni. Sombe (muhogo) utapata majani tu, na kwenye ndoo ambayo utaiingiza ndani Septemba.

Lakini usikae mikono mitupu. Sukuma wiki, kabichi, vitunguu, njegere na spinachi vinavumilia baridi, na hivyo unaweza kuviweka mwanzoni mwa Aprili udongo ukiwa haunati kwenye jembe. Ukitabiriwa usiku wa kuganda, yaani mbingu safi bila wingu na upepo umekufa kabisa, mwagilia udongo mchana wake, kwa sababu udongo wenye maji hutunza joto kuliko mkavu, kisha funika kwa shuka nyepesi ifike chini kabisa. Plastiki isiguse jani.

Kuhusu kiangazi. Hapa watu wengi watakuuzia uhakika ambao hakuna mwenye nao. Joto la baridi iliyopita haliamui joto la Julai ijayo kwa kiasi cha kukutosha kupanga maisha. Mwaka 2012 kiangazi kiliunguza mahindi ya majimbo ya kati, na Julai ile ilikuwa ya moto kuliko mwezi wowote uliowahi kupimwa Marekani wakati huo. Miaka mingine baridi dhaifu imefuatwa na kiangazi cha kawaida. Ninachoweza kukuambia ni kwamba theluji inayoyeyuka polepole hunywesha udongo kwa kina, na mwaka huu hamkuipata ya kutosha. Basi udongo unategemea mvua za Aprili na Mei. Zikija vizuri, basi, huna shida. Zikikosa, weka matandazo ya majani makavu au nyasi kwenye bustani mapema, unene wa kiganja. Watabiri wanaona pia, kwa uwezekano wa zaidi ya nusu, kwamba El Niño itapisha La Niña, kinyume chake, maji yale ya Pasifiki yakipoa, kuanzia kati ya mwaka. Kwa Michigan athari yake wakati wa kiangazi ni ndogo. Nawaza zaidi watu wa pembe ya Afrika na kaskazini mwa Kenya, ambao La Niña huwanyima mvua za mwisho wa mwaka. Hilo ni la barua nyingine.

Moshi. Mwaka jana misitu ya Kanada iliungua zaidi ya hekta milioni 15, na mwishoni mwa Juni hewa ya Michigan ilikuwa miongoni mwa chafu kuliko zote duniani. Magharibi mwa Kanada theluji imekuwa haba msimu huu, na mioto mingine haikuzimika kabisa, inafukuta chini ya ardhi mpaka leo. Kwa hiyo jiandae kana kwamba moshi utakuja, hata kama huenda usije. Kama una mtoto mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta iwe nyumbani kabla ya Juni. Nunua barakoa za N95 sasa wakati hakuna anayezitafuta. Feni ya kawaida ya mraba iliyofungwa kwa nyuma kichujio cha hewa, kile cha tanuri la kupashia nyumba joto, husafisha chumba kimoja cha kulala, na siku za moshi watoto wote walale humo.

Kuna kitu hukuniuliza, nacho ni kupe. Kupe wadogo wenye miguu myeusi, wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, hutembea siku yoyote ambayo hewa imepita nyuzi 4 hivi na ardhi haina theluji. Kwa hiyo mwaka huu hawakupumzika sana, na magharibi mwa Michigan wameenea. Bwana wako akirudi kutoka shambani mkague nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na kwenye nywele, na watoto vilevile wakitoka kwenye nyasi ndefu. Aliyeng'ata mng'oe kwa kibanio ukimshika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kumsokota. Kupe huyo huhitaji kukaa kwa kawaida zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, hivyo ukaguzi wa kila jioni unatosha kuzuia mengi. Ukiona wekundu unaotanuka kama duara, au homa wiki chache baadaye, nenda kliniki, dawa ipo na inafanya kazi ikianzwa mapema.

Niandikie tena mwanzoni mwa Mei. Mwombe bwana wako apige picha ya tawi moja la mti wa bondeni na moja la mti wa juu, siku moja, anitumie zote mbili.